Kutoa Kusiishe na Krismasi: Jinsi ya Kuanzisha Hisani ya Mwaka Mzima Kazini

Jumamosi moja ya Desemba tulifika kwenye makao ya watoto huko Eastlands, Nairobi, na gari lililojaa mchele, mafuta ya kupikia na soda. Langoni tulikuta magari ya kampuni nyingine tatu. Watoto walituimbia wimbo ambao walikuwa wameshawaimbia wageni wawili tangu asubuhi, na mdogo wao mmoja alikuwa amelala pale pale kwenye benchi huku wenzake wakipiga makofi. Tukapiga picha, tukagawa soda, tukarudi mjini kabla ya msongamano.

Februari msimamizi akanipigia simu. "Dada, pole kwa kukusumbua. Unga uliobaki ni wa siku mbili, na maji tunanunua kwa mitungi." Nilipita na bahasha kwenye madawati yote. Hakuna aliyenijibu vibaya. Wote waliniuliza swali moja tu: si tulitoa Krismasi?

Nilijua wenzangu si wachoyo. Ni watu wanaochangia mazishi, arusi, bili za hospitali na karo ya watoto wa ndugu zao. Tulichokosa ni mpangilio. Tulikuwa tunatoa kwa kufuata kalenda yetu, ile ya bonasi na sherehe, ilhali njaa, mafuriko na karo vina kalenda yao. Haya ninayoandika yametokana na miaka kadhaa ya kurekebisha kosa hilo katika kampuni ya watu 40 hivi, Industrial Area. Mwenye ofisi ya watu wanane au kiwanda cha watu 500 atabadilisha vipimo tu.

Hatua ya 1: Pata idhini, kisha uliza

Bahasha ingoje. Nenda kwanza kwa meneja na ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri, uombe mambo matatu: saa chache za kazi kila robo mwaka kwa ajili ya kujitolea, ruhusa ya idara ya mishahara kukata mchango wa anayetaka, na ahadi kwamba kampuni itaongeza kitu juu ya kile wafanyakazi watakachotoa. Ombi la tatu likikataliwa usivunjike moyo, mawili ya kwanza yanatosha kuanzia. Sisi tulipewa saa nne kwa kila mtu kwa robo mwaka. Kampuni ilianza kuongeza pesa mwaka wa pili, mkurugenzi alipoona hesabu zimekaa sawa.

Halafu waulize wenzako kwa karatasi fupi isiyo na jina. Wangependa kusaidia nini? Tayari wanafanya nini kanisani, msikitini au mtaani kwao? Wanaweza kutoa pesa, muda au ujuzi? Na mwisho: ni nini kilikukera mara ya mwisho tulipochanga? Hilo la mwisho lisikose kamwe, maana ndilo litakalokufundisha zaidi. Kwetu majibu yalirudia mambo mawili: hatujui pesa zilienda wapi, na ile orodha ya WhatsApp inatuaibisha.

Hatua ya 2: Hiari iwe hiari kweli

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa mipango mingi hufia hapa.

Neno harambee liko kwenye nembo ya taifa letu, na shule na zahanati nyingi zilisimama kwa nguvu yake. Lakini wazazi wetu wanakumbuka pia harambee za kulazimishwa, mtu akikatwa mshahara bila kuulizwa au akinyimwa huduma mpaka aonyeshe risiti ya mchango. Mwaka 2003 Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma iliwakataza watumishi wa umma kugeuza ofisi kuwa mahali pa kuchangishia harambee, au kutumia cheo kumshinikiza mtu atoe. Ukiwa katika ofisi ya serikali, muone afisa wa maadili kabla ya kufanya lolote. Ukiwa katika kampuni binafsi, kopa hekima hiyo hiyo: mkubwa asimchangishe moja kwa moja mtu anayemwandikia ripoti ya utendaji. Bosi akikuegemea dawatini na kusema "si utaniunga mkono?", wewe utasema nini?

Kwa hiyo mwenyekiti wa kamati yetu hawezi kuwa meneja. Kamati ni watu watano: mmoja wa ghala, mmoja wa ofisi, mmoja wa madereva, mmoja wa usafi na jikoni, na mhasibu. Mtu akisema hapana haulizwi mara ya pili. Akitaka kujitoa anamwandikia mhasibu mstari mmoja, basi, bila kueleza sababu.

Na ile orodha yenye jina, kiasi na alama ya tiki, tuliiacha kabisa. Aliyekosa tiki huenda ndiye anayelea watoto watano wa marehemu dada yake katika chumba kimoja Kayole. Huyo anatoa kuliko sisi sote, ila kwenye orodha yetu ataonekana bahili. Tunapenda kumwambia mtu "kutoa ni moyo" ili tumsukume, tukasahau nusu ya pili ya methali: usambe ni utajiri. Methali hiyo inamtetea mwenye kidogo.

Ukumbuke pia hali ya mishahara. Tangu Oktoba 2024 mfanyakazi anakatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHIF, juu ya asilimia 1.5 ya tozo ya nyumba, akiba ya uzeeni ya NSSF na kodi. Mtu anayeangalia hati yake ya mshahara na kuona kilichobaki ana haki ya kusitasita. Mpe nafasi ya kutoa muda badala ya pesa, na umheshimu sawasawa.

Jambo jingine dogo lenye uzito: mfuko wa kusaidiana wenyewe kwa wenyewe, ule wa kufiwa na kuugua, uwe mbali kabisa na mfuko wa hisani. Ukiichanganya, siku mwenzenu atakapofiwa mtakuta pesa zimenunua sare za shule, na hapo hamtaelewana tena.

Hatua ya 3: Kidogo kila mwezi

Watu 40 wakitoa Sh200 kila mwezi, mfuko unapata Sh8,000 kwa mwezi na Sh96,000 kwa mwaka. Ukiomba Sh2,400 kwa mpigo mmoja Desemba, wengi watakukwepa kwenye ngazi. Faida kubwa zaidi iko kwa anayepokea: akijua kwamba kila tarehe 5 kuna kitu, anaweza kupanga. Shule ikiwa na uhakika wa kidogo inaweza kuwaahidi watoto kumi chakula cha mchana cha muhula mzima, na ahadi hiyo haiwezi kutegemea gari la Desemba.

Kwa makato ya mshahara, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi ambacho mfanyakazi mwenyewe ameomba kwa maandishi, mradi mwajiri hana faida yake humo. Sheria hiyo hiyo haitaki makato yote kwa jumla yapite theluthi mbili ya mshahara. Kwa hiyo tengeneza fomu ya nusu ukurasa yenye jina, kiasi, mwezi wa kuanza, mwezi wa kumaliza na sahihi. Weka mwezi wa kumaliza hata kama mtu hajauliza. Kila mwaka fomu ziandikwe upya, ili anayeendelea awe ameamua kuendelea.

Wasiotaka makato watume kwa M-Pesa, ila isiende kwa simu ya mtu. Katika kampuni niliyofanya kazi zamani, tulichangia waathiriwa wa mafuriko kupitia simu ya mweka hazina. Hakuwa mwizi. Alikopa kidogo mwisho wa mwezi akinuia kurudisha, mtoto akaugua, na zikaisha. Aliacha kazi kwa aibu, na kwa muda mrefu baadaye hakuna aliyeweza kutaja neno mchango pale. Ningependa tungemlinda kwa kumwekea utaratibu. Fungueni akaunti ya benki kwa jina la kikundi, yenye nambari ya Paybill, na watia sahihi watatu kutoka idara tofauti, wawili wakitosha kutoa pesa.

Makato ya Januari tuliyafuta. Njaanuari kila mtu anaijua, na mtu aliyelipa karo na sare hana cha kukatwa. Lakini mtoto wa mtaa wa mabanda wa Mukuru naye anafungua shule Januari hiyo hiyo. Kwa hiyo pesa za Oktoba na Novemba hazitumiki Desemba. Zinawekwa, na zinatoka wiki ya kwanza ya Januari.

Kampuni ikichanga pesa kwa taasisi yenye cheti cha msamaha wa kodi kutoka mamlaka ya mapato, KRA, mchango huo unaweza kuondolewa kwenye mapato yanayotozwa kodi. Vyeti hivyo huisha muda, kwa hiyo mhasibu akague tarehe kabla ya pesa kutumwa.

Hatua ya 4: Chagua wachache, uwafahamu

Tulianza na mashirika tisa kwa mwaka. Sasa ni matatu, na nakushauri usizidi hapo. Nenda ukawaone siku ya kawaida, Jumanne saa nne asubuhi, wakati hakuna mgeni anayetarajiwa. Omba cheti cha usajili. Mashirika ya manufaa ya umma yanasimamiwa na Sheria ya 2013 iliyoanza kutumika tarehe 14 Mei 2024 ikichukua nafasi ya ile ya mashirika yasiyo ya serikali ya 1990. Vikundi vya mtaani navyo husajiliwa na ofisi ya maendeleo ya jamii. Uliza akaunti ya benki iko kwa jina la nani, na omba hesabu za mwaka uliopita. Kikundi kidogo cha akina mama kinaweza kuwa na daftari la mkono tu, na daftari lililoandikwa kila wiki kwa uaminifu mimi nalikubali.

Kuhusu makao ya watoto nitasema wazi, kwa kuwa ndiko tunakokimbilia. Tangu 2022 Kenya ina mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi, wa miaka kumi, unaokusudia watoto wakulie katika familia badala ya taasisi. Wengi wa watoto wanaoitwa yatima wana ndugu walio hai, wakati mwingine hata mama, na kilichowatenganisha ni ufukara. Tukimwaga zawadi kwenye makao pekee, tunafanya makao yavutie kuliko nyumba ya bibi asiye na unga. Hatukuwaacha wale watoto wa Eastlands. Tulikaa na msimamizi na mfanyakazi wa ustawi wa jamii, tukauliza ni watoto gani wanaweza kurudi kwao na ni nini kinazuia. Mmoja alizuiwa na kodi ya nyumba ya shangazi yake, mwingine na karo. Sasa sehemu ya mchango wetu inakwenda huko, kupitia mfanyakazi huyo, na hatujawahi kupiga picha na familia hata moja.

Hatua ya 5: Damu, mwaka mzima

Kama ofisi yako haina shilingi hata moja, anzia hapa. Hakuna mfano unaoeleza vizuri kuliko damu kwa nini kutoa hakuwezi kuwa jambo la msimu. Chembe nyekundu hutunzwa kwa wiki tano au sita tu, na chembe sahani, zile zinazogandisha damu, kwa siku tano. Damu iliyotolewa kwa shangwe Desemba haimfikii mama atakayetokwa na damu akijifungua mwisho wa Februari. Na kwa kuwa wanafunzi ndio tegemeo kubwa la benki zetu za damu, shule zikifungwa Aprili, Agosti na Desemba akiba hushuka, wakati ajali na wajawazito hawaendi likizo. Hapo ndipo sisi wa maofisini tunapoweza kuziba pengo.

Masharti si mengi: umri wa miaka 16 hadi 65, uzani usiopungua kilo 50, na kiwango kizuri cha damu ambacho hupimwa papo hapo kwa tone la kidole. Mwanamume anaweza kutoa tena baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Andikia huduma ya taifa ya damu wiki kadhaa mapema, uwape makadirio ya watu. Wao huja na vitanda na vifaa, nyinyi mnatoa chumba safi chenye hewa, maji, meza na viti. Mkiwa wachache, shirikianeni na jirani. Kwenye barabara yetu tuko na karakana, duka la vipuri na kampuni ya vifungashio, na tukiungana tunawatosha.

Kila mtu ale kifungua kinywa na kunywa maji mengi kabla. Mama anayetupikia chai ndiye huhakikisha hilo, tena kwa ukali, na tangu alipopewa kazi hiyo idadi ya wanaozimia imekuwa sufuri. Dereva na anayepanda ngazi au kuendesha mashine nzito asirudi kazini hiyo siku, kwa hiyo panga zamu yake mapema. Wengine hawataweza kutoa, kwa dawa wanazotumia au sababu wanazozijua wao. Asiulizwe mtu kwa nini ametoka chumbani haraka.

Hatua ya 6: Muda na ujuzi

Kupaka ukuta rangi kwa pamoja kunafurahisha, na si vibaya. Lakini ukuta huo huo huenda ulipakwa na benki fulani mwezi uliopita. Uliza kwanza kile wasichoweza kukipata kwa pesa walizo nazo. Mhasibu wetu hukaa na kikundi cha akina mama saa mbili kila mwezi wakiandika hesabu, na mwaka jana walipata mkopo wao wa kwanza kwa sababu ya vitabu hivyo. Mafundi wa kuchomelea walitengeneza madawati 31 ya shule kwa vyuma vilivyokuwa vikitupwa nyuma ya karakana. Kijana wa kompyuta hufundisha walimu. Mlinzi wa usiku, ambaye alikuwa mwalimu kabla ya kuja Nairobi, husomesha hesabu Jumamosi.

Vibarua wa siku wasisahaulike. Mtu anayelipwa kwa siku akiambiwa aje kujitolea Ijumaa, umemwomba mshahara wake wote wa siku hiyo, ilhali wewe wa kulipwa kwa mwezi hupotezi kitu. Sisi tuliomba kampuni ilipe siku hizo kama siku za kazi, na ikakubali. Uliza pia bima kama inawahusu watu wakiwa nje ya jengo, na nauli itoke mfukoni mwa kampuni.

Hatua ya 7: Fuata kalenda ya uhitaji

Januari ni karo, sare na madaftari. Februari na Machi ni joto na uhaba wa maji, na ndio wakati wa kumwagilia miti iliyopandwa Oktoba, kazi ambayo haina kamera na ndiyo inayoamua kama mti utaishi. Machi hadi Mei ni mvua ndefu. Mwaka 2024 tuliona Mathare na Mukuru zikisombwa, na waliosaidia haraka ni waliokuwa na akiba tayari. Tenga sehemu ya mfuko kwa dharura usiiguse kabla. Mwaka 2011, wakati wa ukame wa kaskazini, Kenyans for Kenya ilianza kwa lengo la Sh500 milioni, na watu wa kawaida wakachanga kwa simu. Moyo huo upo, ila dharura haingoji tuunde kamati.

Aprili na Agosti, damu. Tarehe 18 Julai, Siku ya Mandela, ni nafasi nzuri kwa wasiowahi kujitolea kujaribu kwa dakika 67, moja kwa kila mwaka ambao Mandela aliwatumikia watu. Tarehe 10 Oktoba ni Siku ya Mazingira, na mvua fupi ziko njiani, basi panda wakati huo, aina za miti ya hapa kwetu, na baada ya kuuliza wanaotunza eneo. Ramadhani husogea nyuma kwa siku 11 hivi kila mwaka. Waachie wenzako Waislamu waongoze mwezi huo, na Wakristo vivyo hivyo wakati wa Kwaresima. Wanajua mitaa yao na wanajua nani amelala njaa.

Desemba kuleni keki na msome hesabu.

Hatua ya 8: Sema pesa zilienda wapi

Kila robo mwaka tunabandika karatasi moja karibu na mashine ya kubonyezea kidole asubuhi, pale ambapo kila mtu husimama. Iliyoingia, iliyotoka, risiti zake, iliyobaki. Na mstari mmoja wa kilichoharibika. Tuliwahi kununua vitabu visivyo vya mtaala, tukaandika hivyo hivyo. Wiki hiyo watu wanne walijiandikisha kutoa kwa mara ya kwanza.

Picha za wanaosaidiwa hatupigi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, lakini hata sheria isingekuwepo, mama aliyeshika pakiti ya unga mbele ya nembo ya kampuni yako anawaza majirani wataiona wapi. Pigeni picha ya madawati, ya miti, ya mikono yenu wenyewe ina rangi.

Mwaka ukiisha, nusu ya kamati itoke na nusu ibaki, na daftari lenye nambari za simu, tarehe na makosa likabidhiwe mbele ya watu. Kabla ofisi haijafungwa, mmoja wenu ampigie kila mshirika amwulize Februari inaonekanaje. Sisi mwaka huu tuliuliza. Msimamizi wa Eastlands alisema tangi la maji lina ufa, na fundi wetu ameshapanga kwenda Jumamosi ya pili ya Januari.